Napoli na Mikataba Yake: Mtakatifu, Mfalme na Mchezaji

Tarehe 13 Januari 1527, wakati wa tauni na hofu ya vita, wawakilishi wa raia wa Napoli, kusini mwa Italia, walikutana mbele ya ofisa wa kuthibitisha hati wakatia saini mkataba. Upande mmoja walikuwa wao wenyewe. Upande wa pili alikuwa Mtakatifu Januari, ambaye wenyeji humwita San Gennaro, askofu aliyekatwa kichwa mwanzoni mwa karne ya 4, yaani marehemu wa zaidi ya miaka 1,200. Masharti yaliandikwa kama yanavyoandikwa ya nyumba au ya shamba: mtakatifu ataulinda mji dhidi ya maradhi, dhidi ya majeshi na dhidi ya moto wa mlima Vesuvio, nao raia watamjengea kikanisa cha fahari ndani ya kanisa kuu. Ujenzi ulianza mwaka 1608, miaka 81 baadaye, kwa hiyo walio hai hawakuwa na haraka sana ya kutimiza ahadi yao. Waliitimiza hata hivyo, na chombo cha kiraia kilichoundwa kuusimamia mkataba huo kipo mpaka leo chini ya uenyekiti wa meya. Hazina ya mtakatifu, yenye sanamu za fedha, dhahabu na vito, ni mali ya mji wala si ya Kanisa.

Naanza na hati hiyo kwa sababu wengi wanaoandika kuhusu Napoli, hasa kuhusu soka lake, hawachelewi kulitaja neno "dini". Huandika kwamba mashabiki wanaabudu, kwamba Maradona ni mungu wao na kwamba uwanja ni hekalu. Maelezo hayo ni mepesi mno, na yanawafanya watu wa mji huo waonekane kama wanaopiga magoti mbele ya kila anayeng'aa. Ukiufuatilia mji huu kuanzia ngome zake hadi jukwaa la mashabiki, unaiona tabia nyingine kabisa. Wenyeji humpa mtu kiti, humpa na mapenzi ambayo hayapatikani kwingine, kisha humdai. Asipolipa humwambia usoni.

Mtakatifu mwenyewe ameyaonja hayo. Mara tatu kwa mwaka, yaani Jumamosi inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Mei, 19 Septemba na 16 Desemba, chupa ndogo inayoaminika kuwa na damu yake hutolewa mbele ya umati, na watu husubiri damu iliyoganda igeuke kimiminika. Ikichelewa, kina mama wazee wanaokaa viti vya mbele, wanaojulikana kama jamaa wa San Gennaro, huacha sala na kuanza kumkaripia, wakimwita "uso wa manjano" kwa rangi ya sanamu yake, na kumtaka afanye kazi yake. Mwaka 1799, Wafaransa walipoingia mjini na jamhuri ikatangazwa, damu iliyeyuka mbele ya majenerali wao. Jamhuri ilipoanguka miezi michache baadaye, wafuasi wa mfalme walimhesabu mtakatifu kuwa ameshirikiana na adui, wakamvua cheo cha mlinzi wa mji na kumpa Mtakatifu Antonio. Alirejeshewa cheo chake baada ya miaka kadhaa, lakini somo lilikuwa limeeleweka: hata wa mbinguni anaweza kuachishwa kazi.

Ngome za Napoli nazo zinasomeka kwa jicho hilohilo. Castel Nuovo, iliyo jirani na bandari, ilianza kujengwa mwaka 1279 kwa amri ya Charles wa Anjou, Mfaransa aliyeuhamishia Napoli mji mkuu wa ufalme kutoka Palermo. Tao jeupe la marumaru, lililobanwa kati ya minara miwili ya mawe meusi, liliongezwa baadaye sana kumsifu Alfonso wa Aragon, aliyeingia mjini kwa shangwe mwaka 1443 baada ya kuuangusha ukoo huo wa Anjou. Juu ya kilima cha Vomero iko Castel Sant'Elmo, iliyopewa umbo la nyota katika karne ya 16 wakati wa Pedro de Toledo, makamu wa mfalme wa Hispania. Anayesimama kwenye kingo zake huuona mji wote chini ya miguu yake, na hahitaji kuelezwa kwamba mizinga ya ngome hiyo iliwatazama raia kama ilivyowatazama maadui wa baharini. Makamu huyohuyo ndiye aliyeacha Quartieri Spagnoli, ule mtandao wa vichochoro vyembamba chini ya kilima, uliopimwa kwa ajili ya askari wake. Ufukweni, juu ya mwamba, iko Castel dell'Ovo, ambayo husimuliwa kwamba mshairi Virgil alificha yai katika msingi wake, na siku yai hilo litakapovunjika ngome itaanguka pamoja na mji.

Watawala walikuja kutoka nje, wakapewa funguo, wakakabidhiwa madai. Waliokiuka kiasi cha uvumilivu walikiona. Julai 1647 kodi ya matunda ilizusha uasi katika Piazza Mercato, na kiongozi wake alikuwa Masaniello, kijana muuza samaki. Kwa siku kumi alikuwa na sauti kuliko makamu wa mfalme. Kisha watu wakamchoka, akauawa, kichwa chake kikapitishwa mitaani. Kesho yake mkate ulipopunguzwa uzito, watu walewale walikumbuka ni nani aliyekuwa akiwatetea, wakakusanya viungo vyake na kumzika kwa heshima kubwa katika kanisa la Carmine. Anayetaka kuelewa jinsi mji ulivyoishi na Maradona kati ya 1984 na 1991 atapata faida zaidi kwa kusoma habari za siku hizo kumi kuliko kwa kusoma vitabu vya theolojia.

Kuna tukio moja, hata hivyo, ambalo mji haukuwahi kulimeza. Hadi 1860 Napoli ilikuwa mji mkuu wa ufalme. Chuo kikuu chake kilianzishwa na Kaisari Federico II mwaka 1224. Jumba lake la opera, San Carlo, lilifunguliwa Novemba 1737, miaka 41 kabla ya La Scala ya Milano. Reli ya kwanza katika rasi yote ya Italia ilikuwa ile ya Napoli hadi Portici, ya mwaka 1839. Tarehe 7 Septemba 1860 Garibaldi, jenerali aliyepigania kuiunganisha Italia, aliingia mjini, na mwezi uliofuata kura ya maoni ikapitisha muungano na ufalme wa kaskazini. Uwanja mpana ulio mbele ya jumba la kifalme, ule unaopigwa picha na kila mgeni, unaitwa Piazza del Plebiscito kwa ajili ya kura hiyo. Makao makuu ya Italia mpya yakawa Torino, kisha Firenze, kisha Roma. Kilichobaki Napoli ni majumba ya kifalme yasiyo na mfalme, kipindupindu cha 1884 kilichofuatwa na bomoabomoa ya mitaa ya maskini, na meli zilizobeba watu wa kusini kwenda Marekani na Argentina. Wanahistoria wanabishana kuhusu kiasi ambacho muungano uliiumiza kusini na kiasi ambacho kusini ilikuwa tayari imedhoofika. Mimi naona hoja ya pili ina uzito kuliko wenyeji wanavyopenda kukiri, kwa sababu ufalme wa Bourbon, ukoo uliotawala Napoli hadi 1860, haukuwa bustani ya haki. Kwa madhumuni ya makala hii, lakini, linalohesabika ni kwamba mkataba wa 1860 ndio ambao Napoli inaamini haukutekelezwa na upande wa pili.

Hapo ndipo klabu inapoingia. Milano ina vilabu viwili vikubwa, Roma viwili, Torino viwili, Genova viwili. Napoli, mji wa tatu kwa ukubwa nchini Italia, ina kimoja. Bwana wa Vomero, mfanyabiashara wa samaki wa Pignasecca na mwanasheria wa Chiaia wanalia goli lilelile. Hakuna taasisi nyingine iliyobaki yenye uwezo huo. Mahakama, vyama na hata Kanisa vinawagawa. Klabu ilianzishwa tarehe 1 Agosti 1926 chini ya Giorgio Ascarelli, mfanyabiashara Myahudi wa vitambaa, na msimu wake wa kwanza ulikuwa wa aibu: mechi 18, pointi moja. Nembo ilikuwa na farasi. Watani wakasema huyo ni punda, na mashabiki, badala ya kukasirika, wakamchukua punda akawa wao. Ascarelli alijenga uwanja kwa fedha zake mwenyewe, ukafunguliwa 1930, akafariki mwaka huohuo na uwanja ukapewa jina lake. Kombe la Dunia la 1934 lilipokaribia, utawala wa kifashisti uliona aibu uwanja kuitwa kwa jina la Myahudi, ukalibadilisha. Mabomu ya vita yakamaliza kazi. Ni ajabu kwamba mji wenye kumbukumbu ndefu kiasi hicho umemweka Ascarelli pembeni hivyo, na picha zake ukutani ni chache mno ukilinganisha na za mtu mwingine tutakayemfikia sasa hivi.

Tarehe 5 Julai 1984 watu zaidi ya 70,000 walilipa lira 1,000 kila mmoja kuingia katika uwanja wa San Paolo, mtaa wa Fuorigrotta, si kutazama mechi bali kumtazama Diego Maradona akipanda ngazi, akipiga danadana na kusema maneno machache. Klabu ilikuwa imemnunua kutoka Barcelona kwa takriban lira bilioni 13. Mji uliompokea ulikuwa na vidonda vibichi: tetemeko la Novemba 1980 lilikuwa limeua karibu watu 3,000 katika mikoa jirani na kuwaacha maelfu bila makazi, koo za Kamora, mtandao wa wahalifu wa Napoli, zilikuwa zimetoka kuuana hadharani, na upande wa magharibi, katika eneo la volkano la Campi Flegrei, ardhi ya Pozzuoli ilikuwa imenyanyuka karibu mita mbili katika muda wa miaka miwili. Mechi ya kwanza ya ligi ilichezwa Verona, na Napoli ilifungwa 3-1. Huko mashabiki wenyeji walijulikana kwa bango la kuwakaribisha Wanapoli Italia, kana kwamba wametoka nje ya nchi, na viwanja vingi vya kaskazini viliimba, na vingine vinaimba hadi leo, vikiuomba Vesuvio uwaoshe watu hao kwa moto.

Tarehe 10 Mei 1987, kwa sare ya 1-1 dhidi ya Fiorentina, Napoli ikawa klabu ya kwanza ya kusini mwa Italia bara kutwaa ubingwa. Mitaani wakapita na majeneza ya Juventus na Milan, wakawafanyia mazishi kamili. Likaja Kombe la UEFA la 1989 na ubingwa wa pili wa 1990. Yote haya yanajulikana, na sitayarefusha. Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba mkataba na Maradona ulikuwa na kurasa za nyuma. Alipiga picha akiwa na watu wa ukoo wa Giuliano, waliokuwa mabwana wa mtaa wa Forcella, kando ya bafu lenye umbo la kombe la baharini. Kokeini ilikuwa siri ambayo wengi waliijua. Wakubwa wa klabu, waandishi wa habari na mji kwa jumla walinyamaza alipokuwa akishinda, na Machi 1991, kipimo baada ya mechi na Bari kilipoonyesha alichokuwa anatumia, akafungiwa miezi 15 na akaondoka Italia bila ule umati wa mapokezi. Mji uliokuwa hodari wa kudai haukudai lile moja ambalo lingemwokoa, yaani apumzishwe na atibiwe. Nadhani hili ndilo deni ambalo Napoli inaendelea kulilipa kwa kuchora kuta.

Usiku unaoonyesha vizuri tabia ninayoizungumzia ni wa 3 Julai 1990. Italia na Argentina zilikutana katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na uwanja ulikuwa uleule wa Fuorigrotta. Kabla ya mechi Maradona aliwaambia wenyeji kwamba nchi yao huwaita wageni siku 364, kisha siku moja huwaomba waishangilie. Ilikuwa hotuba ya kisiasa ya hali ya juu, na wengi kaskazini hawajamsamehe. Jibu la mji lilitundikwa uwanjani kwa bango: Napoli inakupenda, Maradona, lakini Italia ni nchi yetu. Wimbo wa taifa wa Argentina, uliozomewa katika viwanja vingine, pale haukuzomewa. Schillaci wa Italia alitangulia kufunga, Caniggia wa Argentina akasawazisha kwa kichwa, na kwenye mikwaju ya penalti Argentina ikashinda 4-3. Watu wanaoabudu wangefuata. Hawa walichagua kifungu kwa kifungu: heshima tunakupa, shangwe yetu ya usiku huu hupati.

Picha yake maarufu kuliko zote iko Quartieri Spagnoli, imechorwa kwenye ukuta wa jengo la kawaida baada ya ubingwa wa 1990. Kwa muda ilichakaa, na mtu wa ghorofa ya juu akatoboa dirisha mahali palipokuwa na kichwa. Ilipokarabatiwa, uso ulichorwa upya juu ya vibao vya dirisha lenyewe, kwa hiyo vikifungwa Maradona anatazama, vikifunguliwa anapoteza uso na mwenye nyumba anapata hewa. Hakuna aliyemlazimisha mwenye nyumba aishi gizani kwa heshima ya shujaa. Kwenye Spaccanapoli, barabara nyembamba inayoukata mji wa kale tangu enzi za Wagiriki na Warumi, upo mkahawa wenye kijialtare chenye unywele unaosemekana kuwa wake. Hatua chache kutoka hapo, katika kikanisa cha Sansevero, amelala Kristo wa marumaru wa Giuseppe Sanmartino, wa mwaka 1753, aliyefunikwa kitambaa cha marumaru chembamba kiasi kwamba mshipa wa paji la uso unaonekana chini yake. Mimi humshauri yeyote anayepita huko aanze na Kristo huyo, kwa sababu foleni ya unywele inasonga haraka zaidi.

Utamaduni wa mezani nao una mikataba yake. Mtu hulipa kahawa mbili, akanywa moja na kuiacha ya pili kwa asiyemjua, ambaye ataingia baadaye na kuuliza kama ipo. Kuhusu piza, kisa cha malkia Margherita kuandaliwa piza yenye rangi za bendera mwaka 1889 kinatiliwa shaka na wanahistoria, na ninawaelewa: ni kisa kinachofaa mno kwa muungano ambao haukuwa ukifaa. Piza ilikuwa chakula cha vibarua kabla ya malkia huyo kuzaliwa, na UNESCO ilipouorodhesha ustadi wa wapishi wa piza wa Napoli mwaka 2017, iliwatambua wapishi, siyo malkia.

Baada ya Maradona klabu iliporomoka taratibu, na mwaka 2004 ikafilisika. Mtayarishaji wa filamu Aurelio De Laurentiis aliinunua na kuanza nayo daraja la tatu, ambako makumi ya maelfu ya watu waliendelea kujaa uwanjani kutazama mechi za timu za miji midogo. Ilipanda mwaka 2006, ikapanda tena 2007. Huyu naye anastahili kuchambuliwa bila mapenzi wala chuki. Kwa miaka mingi jukwaa lilimshutumu kwa ubahili, na majira ya joto ya 2022 shutuma zilifika kileleni, kwa kuwa Koulibaly, Insigne na Mertens, mfungaji bora katika historia ya klabu, waliondoka kwa mkupuo. Nafasi zao zilichukuliwa na watu kama Khvicha Kvaratskhelia kutoka Georgia, aliyenunuliwa kwa kiasi kidogo kutoka Dinamo Batumi, na beki Kim Min-jae wa Korea Kusini. Tarehe 4 Mei 2023, mjini Udine, Victor Osimhen wa Nigeria alisawazisha, mechi ikaisha 1-1, na ubingwa ukarudi baada ya miaka 33. Napoli ya Luciano Spalletti ilimaliza na pointi 90, pointi 16 mbele ya Lazio.

Mimi nauona ubingwa huo kuwa mkubwa kuliko ule wa 1987. Ule wa kwanza ulimtegemea mtu mmoja ambaye hawezi kuzaliwa tena kwa mipango. Huu ulitokana na wasaka vipaji wenye macho, hesabu zilizofungwa kwa faida na kocha aliyeachwa afanye kazi. Mara tu utaratibu ulipovunjwa, matokeo yalisema: Spalletti aliondoka, makocha watatu wakapokezana kiti, na bingwa mtetezi akamaliza wa kumi. Ndipo akaletwa Antonio Conte, mtu wa kusini kutoka Lecce lakini nahodha na kocha wa zamani wa Juventus, adui wa kudumu. Mechi yake ya kwanza ya ligi, Agosti 2024, ilikuwa Verona, akafungwa 3-0. Tarehe 23 Mei 2025, kwa mabao ya Scott McTominay na Romelu Lukaku dhidi ya Cagliari, alitwaa ubingwa wa nne wa klabu kwa pointi moja mbele ya Inter. Mashabiki hawakumsamehe kuwa Mjuventus, walimwajiri.

Kuna upande mmoja wa mkataba huu unaonisumbua. Mwafrika anashika kalamu ya klabu hii mara nyingi, lakini jina lake haliandikwi kwenye hati. Kalidou Koulibaly wa Senegal alikaa Napoli tangu 2014 hadi 2022. Februari 2016, katika mechi na Lazio mjini Roma, refa alisimamisha mchezo kwa sababu ya kelele za nyani alizopigiwa, na jukwaa lilelile lilikuwa likiwatukana Wanapoli. Siku chache baadaye, mechi na Carpi, mashabiki wa nyumbani walivaa barakoa za uso wake. Tarehe 26 Desemba 2018 yalimpata tena katika uwanja wa San Siro, Milano, akaonyeshwa kadi nyekundu baada ya kumpigia refa makofi ya kejeli. Mji unaoitwa wenye kipindupindu na matetemeko uliielewa lugha hiyo upesi, na ulisimama naye.

Agosti 2022, hata hivyo, rais wa klabu, De Laurentiis, alitangaza kwamba hatasajili tena wachezaji wa Afrika wasiokubali kuacha Kombe la Mataifa ya Afrika. Miezi tisa baadaye alibeba kombe kwa mabao 26 ya Osimhen, Mwafrika wa kwanza kuongoza kwa ufungaji katika Serie A, ligi kuu ya Italia, na kwa mapafu ya Frank Anguissa wa Kamerun. Septemba 2023 ukurasa wa TikTok wa klabu hiyohiyo ulirusha video ya kumdhihaki Osimhen kwa penalti aliyokosa. Hata Lukaku, aliyefunga bao la pili siku ya ubingwa wa 2025, ni mtoto wa Roger Lukaku aliyeichezea timu ya taifa ya Zaire.

Na wachezaji hao hufanya mazoezi wapi? Castel Volturno, kaskazini-magharibi mwa Napoli, kwenye barabara ya pwani ya Domiziana. Hapo miaka ya 1960 na 1970 yalijengwa majengo ya kitalii bila vibali, baadaye wakawekwa watu waliopoteza nyumba katika tetemeko la 1980, na leo wanaishi maelfu ya Waafrika, wengi bila hati, wakiokota nyanya, wakibeba zege au wakisubiri kibarua kando ya barabara alfajiri. Tarehe 18 Septemba 2008 wauaji wa Kamora walifyatua risasi kwenye duka la fundi cherehani na kuwaua vijana sita kutoka Ghana, Togo na Liberia. Kesho yake Waafrika wa mji huo waliingia barabarani kwa hasira. Ilikuwa 19 Septemba, na katika kanisa kuu la Napoli umati ulikuwa ukisubiri damu nyingine. Wiki chache baadaye, usiku wa 9 Novemba, Miriam Makeba, aliyeutembeza dunia nzima wimbo wa Malaika na aliyewahi kupewa pasipoti na Tanzania ya Mwalimu Nyerere, aliimba hapohapo Castel Volturno katika tamasha la kumuunga mkono mwandishi Roberto Saviano, aliyetishiwa na Kamora. Aliposhuka jukwaani alianguka, akafariki akiwa na miaka 76.

Kwa hiyo mji unaolalamika, na kwa haki, kwamba kaskazini humwona mtu wa kusini kuwa mgeni katika nchi yake, unao mlangoni pake watu ambao wenyewe umewaacha wawe wageni. Barakoa za Koulibaly zilikuwa jambo jema. Hazikuwahi kuvaliwa kwa ajili ya mwokota nyanya.

Suala hili si la nadharia, kwa sababu mkataba mwingine unajadiliwa. Uwanja wa Fuorigrotta, uliofunguliwa Desemba 1959 na kupewa jina la Diego Armando Maradona mara baada ya kifo chake cha 25 Novemba 2020, ni mali ya manispaa. Italia itaandaa Euro ya 2032 pamoja na Uturuki, uwanja huo haufikii viwango vinavyotakiwa, na De Laurentiis amekuwa akidai kwa miaka ajenge wake mwenyewe kwingine. Hoja yake ya biashara ina nguvu: vilabu vinavyomiliki viwanja huvuna fedha ambazo Napoli haizioni, na Fuorigrotta iko kwenye ukingo wa Campi Flegrei, ambako ardhi haijatulia. Lakini uwanja wa kisasa huja na vyumba vya matajiri, na viti vya matajiri havitoki hewani. Hukatwa kwenye majukwaa yaliyo nyuma ya magoli. Ningekuwa diwani pale, kabla ya kupitisha ramani yoyote ningetaka bei ya tiketi za majukwaa hayo, Curva A na Curva B, iandikwe na kufungwa kwa miaka kadhaa, na kifungu kinachofuata kingehusu mabasi ya usiku ya kuwarudisha watu Domiziana baada ya mechi, pamoja na Castel Volturno.